Zawadi ya kumuaga muuzaji na kumkaribisha mnunuzi wa nyumba: mnatoa nini, na siku gani?

Dalali wa Mjini ameuliza:

Assalaam alaykum warahmatullah, ndugu zangu.

Mimi ni dalali wa nyumba hapa Unguja, kazi niliyofunzwa na ami yangu, ambaye katika miaka yake yote sikumwona akimpa mteja kitu baada ya biashara isipokuwa kikombe cha kahawa barazani na dua fupi ya kuitakia nyumba kheri. Nami nimekwenda hivyo hivyo hadi hivi karibuni, mpwa wangu anayeishi Ohio, Marekani, aliponisimulia kwamba siku aliyokabidhiwa funguo za nyumba yake wakala alimpelekea kapu la vyakula pamoja na kibao cha kukatia mkate kilichochongwa jina la ukoo wetu, na kwamba huko wakala asiyefanya hivyo huonekana kama mtu aliyekula ijara yake akageuza mgongo. Nilicheka, kisha nikaona kwamba maneno yake yana uzito.

Hivi sasa ninazo biashara mbili zinazokaribia kumalizika. Ya kwanza ni nyumba ya Kikwajuni, ambayo bibi mmoja mjane na wanawe wanaiuza baada ya mirathi kugawiwa. Bibi mwenyewe ameishi humo zaidi ya miaka 40, na sasa anahamia Pemba kwa binti yake. Wanunuzi ni mume na mke vijana, mume akiwa mwalimu wa skuli, na hiyo ndiyo nyumba yao ya kwanza. Ya pili ni fleti ya Fumba inayonunuliwa na mume na mke wa Kijerumani, wanaokusudia kukaa hapa nusu ya mwaka na nusu nyengine kwao.

Nimetenga shilingi laki tatu kwa jumla. Je, zawadi ni ya mnunuzi peke yake au na muuzaji pia? Nitoe kitu gani ambacho hakitafanana na vile vinavyopangwa mbele ya maduka ya mtaa wa Gizenga kwa ajili ya watalii? Na nitoe siku gani, maana kwetu biashara ya nyumba haina siku moja ya kumalizikia: ipo siku ya malipo, ipo siku ya kutia saini mbele ya sheha, yaani kiongozi wa mtaa, na mashahidi, na ipo ile siku ya karatasi kutoka, ambayo tarehe yake aijuaye ni Mwenyezi Mungu.

---

Karani Mstaafu amejibu:

Waalaykum salaam, Bwana Dalali.

Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kukutia matatani. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1992, na kinachotoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi ni haki ya kuitumia ardhi hiyo pamoja na jengo lililo juu yake, jambo ambalo linahitaji idhini ya Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi. Kabla ya idhini hiyo biashara bado ni ahadi. Ukipeleka sinia la halua siku ya malipo kisha karatasi zikakwama, zawadi itakuwa imegeuka kejeli, na mnunuzi atakuwa anaitazama kila anapopita huku akijiuliza umemsherehekea kwa lipi. Ipo na sura mbaya zaidi ya hiyo: zawadi inayotangulia kazi huhisiwa na anayeipokea kama kumfunga mdomo asiulize maswali aliyokusudia kuyauliza.

La pili ni kwamba zawadi ni ya muuzaji na mnunuzi, basi. Sheha aliyeshuhudia, karani aliyetafuta faili na ofisa aliyepima mipaka wasiwemo katika hesabu yako hata kwa kilo moja ya halua. Tangu mwaka 2012 tunayo mamlaka maalumu ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi, na sheria haitofautishi bahasha na sinia ikiwa nia ni moja. Nilikaa nyuma ya meza miaka mingi, na nilishuhudia vikapu vikiingia ofisini mikononi mwa watu ambao faili zao zilikuwa bado hazijafunguliwa. Kila mmoja wao alisema kuwa ni shukurani tu. Shukurani ya jambo lisilokwisha kufanyika sikuwahi kuielewa.

Kwa hivyo ushauri wangu ni kwamba zawadi ya muuzaji itolewe siku anayofunga mlango kwa mara ya mwisho, na ya mnunuzi ipelekwe siku chache baada ya kuhamia, wakati ambapo maboksi yamekwisha kufunguliwa na mtu ana mahali pa kukiweka anachopewa. Wala usiandamanishe nayo maneno ya kumtaka akuletee wateja wengine.

---

Bint Mkunazini amejibu:

Bwana Dalali, umeuliza kama muuzaji naye apewe. Mimi nakuambia kuwa ikiwa fedha zako zinatosha zawadi moja tu, basi mpe muuzaji, kwa sababu mnunuzi amekwisha kupata nyumba, ilhali muuzaji ndiye anayetoka na bahasha ya fedha ambazo, zikigawiwa kwa warithi saba, zitakuwa zimekwisha kabla ya mwaka kuisha.

Sisi tuliuza nyumba ya wazee wetu Malindi. Dalali wetu, ambaye sina ugomvi naye, alituletea saa ya ukutani yenye jina lake na nambari yake ya simu katikati ya uso wa saa, kwa wino mwekundu. Mama aliipokea kwa adabu, akaitia katika kabati na kuifunika kwa shuka. Hiyo haikuwa zawadi, ilikuwa tangazo la biashara alilotaka tumtundikie bure. Kama una haja ya kuandika jina lako, liandike katika karatasi ndogo ya salamu inayoweza kutolewa.

Shoga yangu mmoja yalimkuta makubwa zaidi. Dalali wao, baada ya wiki tatu za warithi kuvutana naye juu ya bei, alikwenda dukani kwa haraka akanunua doti ya kanga yenye rangi nzuri sana na akaikabidhi kwa dada mkubwa mbele ya watu. Dada alipoikunjua, jina la kanga likasomeka: «Mtaka yote hukosa yote». Maskini yule bwana aliapa kuwa hakusoma, na mimi nasadiki kwamba hakusoma, kwani wanaume wengi hutazama rangi tu, lakini hadi leo katika familia ile anajulikana kwa jina hilo la kanga. Ukinunua kanga, soma, kisha mpe mwanamke mwengine naye aisome, kwa sababu yapo majina ambayo kwa maneno ni dua na kwa mtaa ni matusi.

Sasa nije kwa bibi yako wa Kikwajuni. Mtu aliyekaa nyumba moja miaka 40 hana haja ya kitu kipya cha dukani. Anachokihitaji ni kitu kinachotoka katika nyumba ile na ambacho hakumpunguzii mnunuzi haki yake. Kabla vyombo havijaanza kutolewa, mlipe mpiga picha mwenye subira aje asubuhi, wakati jua linapoingia uani, apige baraza ilivyong'arishwa na migongo ya waliokaa, jiko lenye masizi, kinu mahali pake, na bibi mwenyewe akiwa amekaa anapokaa siku zote. Picha nne au tano zilizosafishwa vizuri na kutiwa fremu za mbao hazitafika nusu ya fedha ulizotenga. Muulize kwanza kama anapenda picha yenye sura yake itundikwe, kwani wapo wazee wetu wasioweka ukutani picha za viumbe, na hilo liheshimiwe; picha ya mlango na ya baraza inatosha.

Halafu angalia uani. Sijaiona nyumba hiyo, lakini nyumba ya Kikwajuni iliyokaliwa na bibi miaka 40 na isiwe na mti wa yasmini itakuwa ajabu. Kama upo, mwenye kutunga kikuba cha maua yake hawezi kuhamia ugenini bila ya mti wake. Kama kuna mshelisheli au mwembe, tena hapo pana zawadi isiyokugharimu hata senti. Kwetu si jambo geni mti kuwa na mwenyewe na ardhi kuwa na mwenyewe mwengine. Basi zungumza na mwalimu na mkewe, waridhie kwa hiari yao kwamba mashelisheli ya Ramadhani ijayo yatapelekwa kwa bibi au kwa mwanawe aliyebaki Mjini. Andikeni kwa maneno mawili ili isije ikawa ugomvi. Nakuhakikishia kuwa kijana anayeombwa jambo la namna hii anapoingia katika nyumba yake ya kwanza huona amepewa heshima, na wewe utakuwa umewaunganisha watu ambao pengine wangepeana mkono mara moja tu mbele ya sheha.

Na warithi je? Usimpe kaka mkubwa peke yake kitu kisichogawika. Hapo ndipo halua inapoishinda saa.

---

Mwana wa Wete amejibu:

Kwa kuwa halua imetajwa mara tatu na wa Unguja, naomba ruhusa ya mtu wa Pemba aseme machache.

Halua ni wanga, sukari, samli, hiliki, kungumanga na zafarani, na zaidi ya hivyo ni mkono wa mpishi, kwa sababu inakorogwa kwa mwiko mrefu juu ya moto wa kuni kwa muda wa saa kadhaa bila ya kuachwa, na aliyeacha kuikoroga ili akajibu simu utamjua kwa kuionja. Usinunue iliyokaa kwenye kabati la kioo. Mwendee mpishi, muulize anapika siku gani, uagize kwa siku hiyo, na useme mapema kama unaitaka yenye lozi au korosho au isiyo na kitu, maana wapo wasioweza kula vitu hivyo. Itiwe katika kikapu cha ukili, kwani kikapu hubaki nyumbani baada ya halua kwisha. Mfuko wa plastiki usiufikirie kabisa. Visiwa hivi vilipiga marufuku mifuko hiyo tangu mwaka 2006, na hata kama isingekuwa marufuku, zawadi iliyoning'inia katika mfuko inaonekana kama mtu anatoka sokoni.

Lakini kabla ya yote, uliza kwa upole kama bibi ana kisukari. Nimeona mzee akipelekewa halua kilo tatu na kuwatazama wajukuu wakiila. Kwa mtu wa namna hiyo chetezo na udi ni bora, nao uwe udi uliopikwa kwa sukari na sandali na mwanamke anayejulikana mtaani kwa kazi hiyo, si vijiti vya kwenye paketi.

Jambo jengine: watu hupenda kutoa karafuu wakidhani kuwa ni alama ya Zanzibar. Kijipakiti cha jikoni hakina neno. Ukitaka kutoa mafungu makubwa, kumbuka kuwa karafuu kavu hununuliwa na shirika la Serikali, ZSTC, na mtu anayezisafirisha kwa boti bila ya utaratibu hatasalimika kwa kusema kwamba ni zawadi ya nyumba. Na miche ya mikarafuu nayo, ambayo niliwahi kumwona dalali mmoja akiigawa kwa kila mteja, inahitaji udongo wenye kina na miaka isiyopungua sita kabla ya kuchuma. Fumba ni mawe matupu. Mche huo utakufa mbele ya macho ya Wajerumani wako, nao watadhani ni kosa lao.

---

Mkaazi wa Fumba amejibu:

Nimenunua fleti hapa miaka michache iliyopita, kwa hivyo nazungumza kama mpokeaji.

Siku niliyopewa funguo niliingia ndani saa kumi na mbili jioni, nikabonyeza swichi, na hapakuwa na umeme, kwa kuwa mita ya TUKUZA, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa haina yuniti hata moja na mimi nilikuwa sijui hata nambari yake. Wakala aliniachia mezani chupa nzuri ya marashi, ambayo niliipapasa gizani. Tangu siku hiyo naamini kuwa zawadi ya kwanza ya mnunuzi ni yuniti za umeme za mwezi mmoja zilizokwisha kuingizwa, nambari ya mita ikiwa imeandikwa juu ya karatasi ngumu, na chini yake majina ya fundi bomba, fundi umeme na muuza maji wa karibu ambao wewe mwenyewe umewahi kuwatumia na hawakukuaibisha. Kama unaweza, fuatana na mwalimu wako hadi ZECO, shirika la umeme, na ZAWA, mamlaka ya maji, ili akaunti ziandikwe jina lake. Asubuhi moja ya dalali anayejua mlango wa kuingilia ina thamani kuliko kapu lolote.

Kwa Wajerumani nina mambo matatu ya kukutahadharisha. Usiwape kitu chochote cha gamba la kasa aitwaye ng'amba, wala makombe ya baharini, hata kama muuzaji atakuapia kuwa ni vya zamani. Ng'amba analindwa kimataifa, na mgeni atakamatwa navyo uwanja wa ndege wa kwao wakati wewe umelala. Usiwape pia kipande cha mlango au dirisha lililong'olewa katika nyumba kongwe, kwani Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na vitu hivyo havitakiwi kutoka mahali pake. Na la mwisho, usiwape kitu kinachowakumbusha kuwa ni wageni. Wao, kwa sheria ya mwaka 2010 inayoruhusu asiyekuwa Mzanzibari kumiliki fleti, wamenunua makaazi, na wanataka kuhesabiwa miongoni mwa wakaazi. Picha ya Mmasai anayeruka itawaweka palepale walipokuwa siku waliyoshuka ndege. Wape kawa la ukili la kufunikia chakula, kubwa, la rangi, pamoja na mkeka, na mbuzi ya kukunia nazi. Kisha kaa nao nusu saa uwaoneshe namna ya kuikuna nazi bila ya kujikata vidole. Viungo viwe vizima, si vya kusagwa, kwa sababu katika unyevunyevu wetu vilivyosagwa hupoteza harufu upesi.

Kwa mwalimu na mkewe, kama fedha zitabaki, ningetafuta kikasha kidogo cha njumu chenye kufuli, kwa ajili ya karatasi za nyumba. Waambie tu wasikiweke chini, kwani mchwa hawasomi hati.

---

Fundi wa Chuini amejibu:

Mimi nasema kinyume chenu. Dalali apunguze ijara yake kwa hizo laki tatu, na kila mtu ajinunulie halua anayoitaka.

---

Karani Mstaafu amejibu:

Fundi, hoja yako ina haki yake, na ninawajua wengi watakaoikubali. Lakini ukipunguza ijara baada ya watu kukubaliana, anayenufaika ni yule anayeilipa tu, naye katika biashara hii si lazima awe yule bibi. Isitoshe, bei ya dalali ikishuka mara moja hadharani, mteja ajaye ataianzia hapo kuvutana.

---

Dalali wa Mjini amejibu:

Nawashukuru nyote, na hasa Bint Mkunazini, ambaye amenifanya niirudie kichwani mwangu kila zawadi niliyowahi kufikiria kuiagiza yenye jina langu. Zilikuwa vikombe hamsini. Nimeifuta oda.

Nilikwenda Kikwajuni jana baada ya Alasiri. Bibi hana kisukari, na aliponisikia nikiuliza alicheka akasema kuwa presha anayo ila ya sukari bado. Mpiga picha atakuja Jumamosi, na tumekubaliana kwamba bibi apigwe mkono wake tu ukiwa juu ya komeo la mlango, kwa kuwa ndivyo alivyochagua mwenyewe. Halua itaagizwa Pemba, mafungu saba sawasawa, moja kwa kila mrithi. Mwalimu nilimkuta skuli wakati wa mapumziko. Jambo la mashelisheli aliliridhia kabla sijamaliza kulieleza, na mkewe amenitumia ujumbe kuuliza kama bibi hupenda yaletwe mabichi au yaliyochemshwa. Nao nitawawekea yuniti za umeme na kuwapeleka ZECO wiki ya pili baada ya kuhamia, na fedha zilizobaki ni za kikasha cha karatasi. Wajerumani watapata kawa na mbuzi ya nazi karatasi zao zitakapotoka, si kabla.

Limebaki moja. Yasmini ipo kweli, imetambaa ukuta mzima wa uani, nayo ni nzee kuliko watoto wake wote. Bibi anasafiri kwa boti baada ya miezi miwili. Nilikata matawi matatu nikayatia ndani ya chupa ya maji, na leo yamekwisha kunyauka.

---

Bint Mkunazini amejibu:

Usikate tena. Tafuta tawi refu la chini linaloinama, lisiwe changa la kijani wala gumu sana, likwaruze ganda kidogo upande wa chini karibu na kifundo, kisha likiwa bado limeshikana na mama yake ulilaze ndani ya kopo lenye udongo laini uliochanganywa na samadi kavu, ulikandamize kwa jiwe, na ncha ibaki nje ikitazama juu. Mwambie bibi mwenyewe alitilie maji kila asubuhi, kwa sababu wewe utasahau. Miezi miwili inatosha kutoa mizizi. Likate upande wa mama yake wiki moja kabla ya safari, si siku ya safari, ili lijizoeshe kujitegemea kabla ya kupigwa na upepo wa bahari. Fanya mawili, kwa tahadhari, na likishika la pili libakie pale pale kwa mke wa mwalimu.